Nimepata 11 kati ya 20 kwenye ramani: niache kozi ya jiografia?

Swali: Mwalimu, mimi ni Mkongomani, mzaliwa wa Fizi. Sekondari nilisomea kambini Nyarugusu, Kigoma, kwa mtaala wa Kongo. Sasa niko Marekani, nimeanza chuo cha jamii, kile cha miaka miwili, na usiku nafanya kazi kwenye ghala la mizigo. Muhula huu nina kozi ya utangulizi wa jiografia ya dunia, na tumefika wiki ya tano. Jaribio la kwanza la ramani nilipata 11 kati ya 20, la pili 13. Mtihani wa kwanza nimepata 68; mara nyingi niliona majibu mawili ni sahihi. Mazoezi mawili nimepata 85 na 75. Majadiliano ya mtandaoni yamekuwa manne: nimepata 10 na 8 kati ya 10, mengine mawili sikuandika kwa sababu niliona ni maongezi tu. Kompyuta inanionyesha D. Kwetu ukipata 11 kati ya 20 umepita. Niache kozi kabla haijaniharibia, au niendelee? Na mradi wa mwisho, ambao nataka kuandika juu ya nchi yangu, nauanzaje? Nakuambatishia silabasi, yaani mpango wa kozi, pamoja na jadiliano nililopata 8.

Jibu: Ndugu yangu, usiache kozi. Kama ungekuwa umeshapoteza alama kiasi cha kushindwa kufikia C, ningekwambia bila kukuficha. Hesabu haisemi hivyo. Nimeipiga kwa silabasi uliyonitumia, na nataka na wewe uipige kwa kalamu yako, kwa sababu ndiyo itakayokuonyesha tatizo liko wapi hasa. Haliko kwenye ramani.

Tuanze na hiyo 11. Umekulia kwenye mfumo ambao asilimia 50 ni kupita. Hata jirani zako Watanzania, kwenye mtihani wa kidato cha nne, 75 ni A, 45 ni C, na 30 bado inampa mtu D. Kwa profesa wako A inaanzia 90, B 80, C 70, D 60, na chochote chini ya 60 ni F. Kwa hiyo 11 kati ya 20, yaani asilimia 55, kule unapita na hapa umefeli. Hii haina maana kwamba akili yako imepungua ulipovuka bahari. Mtihani mkubwa wa taifa hutungwa ili kuwachuja watu, maswali yake mengine ni magumu makusudi, na anayefika 75 amefanya kazi kubwa. Profesa wako anatoa kazi ndogo ndogo nyingi, anategemea aliyejiandaa azipate karibu zote, halafu anaweka mstari wa kupita juu. Ukishalijua hilo, 13 kati ya 20 itakushtua mapema, wakati bado kuna nafasi ya kurekebisha.

Tofauti ya pili ndiyo iliyokuumiza. Umezoea kwamba mwaka mzima ni maandalizi na hukumu inatoka siku ya mtihani wa mwisho. Kwenye kozi hii hakuna siku hiyo. Silabasi yako inagawa pointi 100 hivi: majaribio 6 ya ramani pointi 15, na lenye alama ya chini kuliko yote linafutwa, majadiliano 12 pointi 15, mazoezi 8 pointi 20, mitihani 3 pointi 30, mradi pointi 20. Mtihani wa mwisho ni pointi 10 tu. Hata ukiupata wote, hauwezi kumwokoa mtu aliyelala miezi mitatu.

Sasa kalamu. Majadiliano 12 yana jumla ya alama 120, na wewe umepata 18 kati ya 40 za mwanzo. Alama 22 zimekwenda, na 22 kati ya 120 ukizigeuza kwenye zile pointi 15 unapata pointi 2.75. Kwenye ramani, 11 yako ndiyo itakayofutwa usipopata chini yake tena. Inabaki 13, na kwa kuwa kila jaribio linalohesabiwa lina pointi 3, hapo umepoteza pointi 1.05. Kila zoezi lina pointi 2.5, kwa mazoezi mawili umepoteza pointi 1. Mtihani wa kwanza umekula pointi 3.2. Jumla: pointi 8.

Umeshindania pointi 23, umepata 15, na 77 hazijaguswa. Ili ufike C unahitaji 55 kati ya hizo 77, sawa na asilimia 71 hivi. Ili ufike B unahitaji 65, yaani kama asilimia 84. A sikuahidi, maana itabidi upate 75 kati ya 77. B iko mezani kabisa kwa mtu ambaye mazoezi yake yana 85 na 75.

Tazama na sifuri zako mbili zimefanya nini. Kompyuta inakuonyesha 65. Nimeziondoa zile sifuri nikaweka 9 na 9, alama ambazo ungezipata kwa saa moja ya kuandika kila wiki, nikapiga upya: ungekuwa na 75. D yote hiyo imetokana na maongezi uliyoyadharau. Ramani iliyokunyima usingizi itafutwa.

Jihadhari pia na namna mfumo wa masomo wa mtandaoni kama Canvas unavyoonyesha alama. Kazi ambayo haijasahihishwa mara nyingi haihesabiwi kabisa, kwa hiyo unaweza kuona 80 nzuri ukafurahi, kumbe kuna kazi mbili hukukabidhi na profesa hajaandika sifuri bado. Siku akiziandika, unaporomoka. Kila Jumapili fungua ukurasa wa alama, tafuta nafasi tupu, na ujue kila moja ni ya nini. Na soma mstari wa silabasi unaohusu kazi zilizochelewa. Wako unasema asilimia 10 hukatwa kwa kila siku hadi siku 5. Maana yake jadiliano la wiki hii, ukilikabidhi hata kwa kuchelewa siku tatu, bado linaweza kukupa 7. Sifuri usiikubali hata siku moja wakati 7 ipo.

Kuhusu kuacha: ukijitoa ndani ya muda unaoruhusiwa unaandikiwa W, alama ya kujitoa, ambayo haishushi wastani wako. Lakini haipiti bure. Vyuo vinavyotoa msaada wa masomo wa serikali kuu vinapima pia umemaliza krediti (vipimo vya uzito wa kozi) ngapi kati ya ulizojiandikisha, na kipimo cha kawaida ni kama asilimia 67, pamoja na wastani wa alama wa 2.0 kati ya 4. W inahesabiwa kama kozi uliyojaribu ukashindwa kuimaliza. Ukishuka chini ya krediti 12 huhesabiki tena kama mwanafunzi wa muda wote. Na ukiacha kozi zote kabla asilimia 60 ya muhula haijapita, sehemu ya fedha hurudishwa, na deni linaweza kukufuata wewe. Kwa hiyo usibonyeze kitufe chochote kabla hujaonana na mshauri wako wa masomo na ofisi ya msaada wa fedha. D nayo usiishangilie. Inakupa krediti chuoni kwako, lakini vyuo vikuu vingi havitaipokea siku ukihamia huko kumalizia shahada.

Sasa kazi zenyewe, na naanza na majadiliano kwa sababu ndiko pointi zako zinakovuja.

Profesa hapigi soga pale. Anataka kuona kama unaweza kuchukua dhana ya wiki ukaiweka juu ya mahali halisi. Lile la 8, lililouliza jinsi umbo la ardhi linavyogusa maisha ya watu, uliandika kwamba Ziwa Tanganyika ni muhimu sana kwa samaki na usafiri na watu wanalitegemea. Kweli tupu, lakini mtu yeyote angeweza kuyaandika kuhusu ziwa lolote. Alama 2 zilizokatwa zilikuwa zinangoja sentensi za namna hii: ziwa limekaa kwenye Bonde la Ufa, mahali ambapo ukoko wa dunia unavutwa pande mbili na kuachana, ndiyo maana ni refu, zaidi ya kilomita 600, jembamba, na kina chake kinafika karibu mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal la Urusi, ambalo nalo limekaa kwenye ufa. Milima inapanda kutoka majini sehemu nyingi, tambarare ya kulima ni ukanda mwembamba, kwa hiyo vijiji vinajipanga kando ya maji, na boti ndizo zinazowaunganisha watu wa Uvira, Kalemie, Bujumbura na Kigoma ambao kwenye ramani wametengwa na mipaka ya nchi tatu. Hapo kuna sababu, kuna kipimo, kuna ulinganisho na sehemu nyingine ya dunia, na kuna watu. Wewe unayajua maisha ya pale kuliko kitabu. Kilichobaki ni kuyafunga na dhana ya sura ya wiki hiyo.

Na usisahau kuwajibu wenzako wawili, kama silabasi inavyodai. Sehemu ya alama iko huko. "Nakubaliana nawe, umeandika vizuri" haihesabiki. Muulize mwenzako swali, au mpe mfano unaopingana na wake.

Ramani. Jaribio lako lijalo ni la Asia ya Kati na ya Kusini-Magharibi, na najua yale majina matano yenye mkia wa "stan" yanawachanganya watu. Usiyakariri kama orodha. Chukua karatasi tupu uchore Bahari ya Kaspi upande wa kushoto. Kaskazini na mashariki yake, nchi kubwa kuliko zote ni Kazakhstan. Kwenye kona ya kusini-mashariki ya bahari hiyo ni Turkmenistan. Uzbekistan imebanwa katikati ya hizo mbili, na ni ya ajabu: imezungukwa na nchi ambazo zenyewe hazina mlango wa bahari kuu, jambo ambalo duniani kote linaihusu yenyewe na Liechtenstein tu. Nenda mashariki hadi milimani kwenye mpaka wa China: Kyrgyzstan juu, kwenye Tian Shan, Tajikistan chini yake, kwenye Pamir, ikipakana na Afghanistan. Sasa chora mito miwili inayoshuka kutoka milima hiyo kwenda Bahari ya Aral: Amu Darya kusini, Syr Darya kaskazini. Kuanzia miaka ya 1960 serikali ya Kisovieti iliyachepusha maji yake kwa wingi kumwagilia pamba, na Aral ikanyauka mpaka boti za wavuvi zikabaki zimekaa juu ya mchanga, mbali na maji. Ukiichora mara kadhaa kwa siku tofauti, huwezi kuzisahau hizo nchi, na swali la Aral karibu lazima litatokea kwenye mtihani wa pili. Kuangalia ramani iliyokwisha kujazwa hakusaidii. Macho yanakubali kila kitu. Mkono ndio unaokuambia hujui.

Jambo dogo lakini linakata alama: fuata orodha ya majina aliyoitoa profesa, herufi kwa herufi. Ramani za zamani zinaandika Swaziland. Tangu 2018 ni Eswatini. Masedonia imekuwa Masedonia Kaskazini tangu 2019. Wewe umesoma majina mengi kwa Kifaransa, basi tengeneza kadi za yale unayoyachanganya tu. Zinazofanana usipoteze muda nazo.

Mtihani wako wa 68 ni wa kuchagua jibu moja kati ya manne, na umeniambia ulikuwa unaona majibu mawili ni sahihi. Mara nyingi yote mawili ni ya kweli, lakini moja tu ndilo linalojibu "kwa nini". Chukua Kisangani na Quito, mji mkuu wa Ecuador. Yote miwili iko karibu kabisa na mstari wa Ikweta. Kisangani wastani wa joto ni kama nyuzi 25, Quito ni 14 au 15. Jibu moja litasema Quito iko Amerika Kusini, jingine litasema ni mji wa milimani. La kwanza ni kweli na halielezi chochote. La pili ndilo: Quito iko kama mita 2,850 juu ya usawa wa bahari, Kisangani kama 400. Kila ukisoma sura, zifunge sentensi zako kwa "kwa sababu". Anza na ramani na picha za sura, kisha maswali ya mwisho, ndipo usome maandishi yenyewe. Kozi ya krediti 3 inakadiriwa kukutaka saa 3 darasani na saa 6 nje ya darasa kila wiki. Kwa mtu wa zamu za usiku saa 6 hizo hazitajitokeza zenyewe; zipangie siku na muda kabla ghala halijazichukua.

Tufike kwenye mradi, pointi 20, ambao ni kitu kimoja chenye uzito sawa na mitihani miwili. Unataka kuandika "Nchi yangu Kongo". Usiandike hivyo. Utajaza kurasa kwa mji mkuu, idadi ya watu, bendera, lugha, vyakula na madini, na mwishoni profesa atakuwa amesoma kamusi. Mada ya nchi ibaki, ila ipe swali ambalo jiografia ndiyo inayolijibu.

Mfano ninaoupenda: kwa nini kobalti inayochimbwa Kolwezi inasafiri mbali hivyo kabla ya kutumika? Kongo inatoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani, na sehemu kubwa yake inasafishwa China, ndipo inaingia kwenye betri za simu na za magari ya umeme. Fungua ramani. Kolwezi iko kusini kabisa, ndani ya bara. Kongo ina pwani yake, lakini ni fupi, kama kilomita 40 tu, na mto wenyewe una maporomoko kati ya Matadi na Kinshasa ambayo meli haiwezi kuyapanda. Kwa hiyo madini ya nchi hiyo kubwa yanatokea kwenye bandari za watu wengine: malori yanavuka mpaka wa Kasumbalesa, yanapita Zambia, yanakwenda Dar es Salaam au Durban, Afrika Kusini. Reli ya kwenda Lobito, Angola, ni njia fupi zaidi ya kufika baharini, lakini vita vya Angola, vya tangu 1975 hadi 2002, viliivunja, na ndiyo maana leo mataifa makubwa yanagombania kuifufua. Katika swali moja umegusa umbo la nchi, mito, mipaka iliyochorwa na wakoloni, vita, biashara ya dunia na maisha ya mchimbaji. Umetembea kutoka shimo la Kolwezi hadi kiwanda cha China, na hiyo ndiyo kazi ya jiografia: kuonyesha kitu kimoja kwa kipimo cha kijiji, cha nchi na cha dunia.

Kama Kolwezi ni mbali na moyo wako, chukua ziwa lako: kwa nini watu wa pande nne za Ziwa Tanganyika, Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, wanahitaji sheria moja ya uvuvi? Au Nyarugusu yenyewe: kwa nini kambi ya Wakongomani iliwekwa Kasulu mwaka 1996, na ukaribu huo na ziwa na mpaka umeleta nini kwa misitu, kwa maji na kwa masoko ya vijiji vinavyoizunguka? Uliyoyaona kwa macho yako yana thamani, na usiyafiche. Yatakupa swali ambalo mwanafunzi mwenzako hawezi hata kulifikiria. Ila hayawezi kusimama peke yake kama ushahidi. Kila unachosema juu ya idadi, bei au eneo kitafutie chanzo: takwimu za Benki ya Dunia, Umoja wa Mataifa, FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja huo) kwa uvuvi na misitu, shirika la jiolojia la Marekani kwa madini.

Na hapa nakuomba uwe makini sana. Sisi tumelelewa kwenye shule ambako mwalimu anasomea, mwanafunzi ananakili, na anayerudisha maneno yale yale kwenye mtihani ndiye mwanafunzi bora. Hapa ukinakili aya bila kutaja ulikoitoa, hata kwa nia njema, ni wizi wa kitaaluma. Unaweza kupata sifuri ya mradi wote, na jina lako likaandikwa ofisini. Funga chanzo, andika ulichoelewa kwa maneno yako, kisha taja chanzo. Kama unaandika kwanza kwa Kiswahili au Kifaransa na kutafsiri kwa mashine, mwulize profesa mapema kama anaruhusu. Kituo cha uandishi cha chuo chako kitakusaidia Kiingereza bila malipo, na hakuna anayekwenda pale kwa aibu.

Kitu cha kufanya wiki hii ni kwenda kwa profesa kwenye saa zake za ofisi. Najua kwetu mwanafunzi akibisha mlango wa mwalimu kuhusu alama anaonekana anaomba huruma. Huku saa hizo ziko kwenye silabasi kwa ajili yako, na mara nyingi profesa anakaa peke yake. Usimwambie "naomba unisaidie nipite". Mwambie hivi: "Nilikosa majadiliano mawili kwa sababu sikuelewa uzito wake. Nimepiga hesabu, nahitaji asilimia 84 ya kazi zilizobaki ili nipate B. Je, kuna namna yoyote ya kuyafidia yale mawili? Na hili ndilo swali la mradi wangu, linatosha au ni pana mno?" Huenda akakataa kuhusu majadiliano, ni haki yake, na hesabu yako bado inasimama. Swali la mradi atalisoma palepale. Mpelekee likiwa limeandikwa kwa mstari mmoja, pamoja na ramani uliyoichora kwa mkono wako, na usianze kuandika ukurasa wa kwanza mpaka amekwambia ulipunguze wapi.